Zisafishwe Zote

"Kaka Ponsi, nimeshazisafisha zote. Diski nyeupe pee, haina hata chembe!"

Hapo ndipo tulipoachana toleo lililopita, wasomaji wangu, na hapo ndipo pumzi iliponikatikia Jumamosi ile. Nimesimama mlangoni kwangu hapa Sofu, Kibaha, begi la kamera begani, vumbi la Kisarawe kwenye viatu, na fundi mtandao Lusajo amekenua meno yote thelathini na mawili akingoja nimsifu.

Kwa aliyeokota gazeti leo tu, nimpe la kumtosha. Mimi ni Ponsiano, mpigapicha za mnato na za video. Sebule yangu ndiyo studio yangu. Kompyuta yangu iko chumba cha uani, ya mke wangu Marselina iko sebuleni, na kwa miaka mitano mafaili yalipita kati yetu kwa waifai ya kuombea dua. Video ya harusi moja ilikula mchana mzima kuvuka hatua kumi na tano. Wateja wakachoka, wengine wakanikimbia.

Ndipo nikaamua kufumua kila kitu. Waya mpya ukutani, swichi mpya ya mtandao, na boksi jipya la kuhifadhia kazi zetu zote, lenye nafasi za diski nne, ambalo Lusajo analiita seva. Mbili ziwe mpya, mbili tuzijaze kwa diski zangu za zamani.

Haraka haraka haina baraka, mtaniambia. Najua. Ila mimi haraka niliifuata dukani mwenyewe, nikaibeba nyumbani ikiwa kwenye kasha.

"Umesafisha nini, Lusajo?" nilimuuliza.

"Ile ya kijani. Uliyoibandika karatasi ya KISARAWE."

"Nani alikwambia uisafishe?"

Meno yakaanza kufichika. Akatoa simu mfukoni, akanisogezea.

"Si wewe kaka? Huu hapa ujumbe wako."

Nikausoma. Niliuandika mchana, nikiwa harusini Kisarawe, kwenye kundi letu la studio: "Za Kisarawe zisafishwe zote leo. Nikirudi nikute tayari." Chini yake Lusajo alikuwa amejibu, "Sawa bosi," na kidole gumba juu.

Sasa nisikilizeni. Mimi kazi hii niliianza enzi za filamu, nikiwa nimefungiwa kwenye chumba cha giza, mikono inanuka dawa. Kwetu sisi picha inasafishwa. Unaipitisha kwenye dawa, unaisuuza, unaianika, na sura ya mtu inatokea. Filamu zikafa, neno likabaki. Mpaka leo nikimwambia Marselina asafishe picha za fulani, anazichagua, anazirekebisha, anazichapa.

Ujumbe ule ulikuwa wa Marselina. Lakini Marselina siku hiyo aliitwa ghafla msibani Misugusugu, simu imelala ndani ya mkoba.

Na Lusajo nilimwingiza kwenye kundi mimi mwenyewe, ili tuelewane habari za waya. Tena Ijumaa aliniuliza, "Kaka, diski za zamani ipi niisafishe kwanza niitie kwenye seva?" Nikamjibu, "Nitakwambia."

Basi nikawa nimemwambia.

"Lusajo, kusafisha picha ni kuzichapa!"

"Kuzichapa?" Alinishangaa kwa kweli, hakuwa anaigiza. "Kaka, mimi tangu nimezaliwa najua kuchapa ni kuprinti. Kusafisha diski ni kufuta. Sasa hapo ningejuaje?"

Ana miaka thelathini na ushee, ana duka lake Kongowe, ana watoto wawili. Hajawahi kuishika filamu ya kamera. Nilitaka kumtukana nikakosa pa kuanzia, maana kila tusi lililonijia lilikuwa na jina langu.

Niliketi kwenye kizingiti. Picha za harusi zilizongoja kuchapwa, Marselina alishazinakili kwenye kompyuta yake, na nyingine wenyewe walishachukua. Kisichokuwa na nakala kilikuwa kimoja tu, video ya dakika ishirini na mbili, ya Mzee Khalfani wa Masaki, kule Kisarawe.

Mzee Khalfani alikuwa na watoto wawili, Hashiru na Saida. Miaka kumi na moja iliyopita Saida alimkataa mchumba ambaye posa yake baba alishaipokea. Akakimbilia Makambako, akaolewa huko na mtu aliyempenda. Mzee akasema mbele ya ukoo mzima kwamba hana radhi na binti yule, na asimwone mpaka afe.

Kisha akazeeka, akaugua. Siku moja akanipigia simu yeye mwenyewe, namba aliipata kwenye harusi ya mjukuu wake. "Njoo na mashine yako ya video," akasema. "Nina neno la kumwambia Saida." Nikaenda. Siku kumi baadaye akafariki, na Saida alifika kaburi limeshafukiwa.

Mzee aliacha agizo kwamba video ile isionyeshwe mpaka arobaini yake, watoto wake wote wawili wakiwepo. Arobaini yenyewe ilikuwa Jumamosi inayofuata. Nilikuwa na siku saba, na diski nyeupe pee.

* * *

Marselina aliporudi msibani alitukuta sebuleni, wanaume wawili wazima tunakitazama kile kiboksi kinavyokonyeza taa zake za kijani kama hakijafanya kitu.

Nikamweleza. Hakupiga kelele. Alivua kanga ya begani, akaikunja taratibu, akaiweka juu ya kiti.

"Baba Andrew, si Alhamisi ulikuwa unaihamishia diski hiyo yote kwenye kompyuta yako kwa waifai?"

"Nilianza."

"Ukafika wapi?"

"Iliandika zimebaki saa kumi na moja. Nikaizima."

"Ukaizima?"

"Nilisema mtandao mpya ukishafungwa itapita kwa dakika kumi. Kuna haja gani ya kungoja saa kumi na moja?"

Marselina alifumba macho. "Kadi ya kamera je? Uliyorekodia kwa mzee?"

Hilo nalo lilikuwa na jibu lake. Kadi ile niliifuta asubuhi hiyohiyo, nje ya kanisa, bibi harusi akiwa anashuka garini, kwa sababu nilijua kazi ya mzee iko salama kwenye diski ya kijani. Tangu saa tano mpaka jioni nilikuwa nimeijaza vigelegele juu yake.

"Kaka, usikate tamaa," Lusajo akadakia. Alishaichomoa ile diski. "Mimi nilifuta juujuu tu. Vitu vinakuwa bado vipo chini, vimepotea njia. Kuna namna ya kuvitafuta."

"Kwa hiyo vyote vitarudi?"

Akajikuna kisogo.

"Tatizo ni kwamba nilishaitia kwenye seva. Na seva ikipewa diski tupu inaanza kuandika mambo yake mwenyewe. Iliandika kama saa mbili hivi kabla hujaja."

"Saa mbili ni kitu gani? Waifai yangu kwa saa mbili ilikuwa haimalizi hata kipande cha kukata keki!"

"Ndiyo hivyo kaka," akasema kwa sauti ndogo. "Hii ina kasi."

Akaifunga diski ndani ya kitambaa, akaiweka kifuani ndani ya koti, akapanda bodaboda kurudi Kongowe. Nilimtazama mpaka akaishia kwenye kona.

* * *

Jumapili, tumetoka misa ya kwanza, simu ikaita. Jina lililotokea nililitazama mpaka Marselina akaniuliza kama nimesahau kusoma.

"Shikamoo kaka Ponsiano."

"Marahaba Saida. Habari za Makambako?"

"Huku baridi tu. Kaka, nimekata tiketi. Alhamisi nitashuka hapo Kibaha. Nataka nije nikuchukue na video tuende wote Kisarawe."

"Alhamisi? Si mapema mno?"

"Sitaki kuiangalia kabla. Baba alisema arobaini, na mimi siwezi kwenda kinyume naye mara ya pili. Nataka niwe karibu nayo tu." Akashusha sauti. "Kaka, unajua jana nimelala usingizi wangu wote? Tangu uliponiambia siku ile ya mazishi kwamba baba ameniridhia, nalala kama mtu. Mume wangu ananicheka, anasema nimeanza kukoroma."

Nilicheka naye. Niliisikia ile sauti yangu ikicheka, nikaichukia.

"Iko salama lakini?" akauliza.

"Iko salama. Inasafishwa."

Neno lilitoka lenyewe. Marselina aliacha kumenya ndizi, akanitazama mpaka nikageukia ukutani.

Nilipokata simu akasema, "Kwa nini usimwambie ukweli? Ajali ni ajali. Wewe si ulikuwepo pale? Utasimama mbele ya watu, utasema mzee alisema hivi na hivi. Wewe ndiye shahidi. Mtu mzima unaaminika."

Nikaitikia, "Kweli," nikatoka nje kwenda kuwatazama kuku.

Wasomaji wangu, nimewasimulia mengi ya aibu kwenye ukurasa huu, na mkanicheka, na mimi nikacheka. Hili sikumwambia mtu. Marselina analala ubavuni kwangu, sikumwambia. Leo naliandika.

Sikuwepo.

Siku ile nilifika kwa Mzee Khalfani, nikamkuta ameketi kitandani, kanzu safi, kofia kichwani. Hashiru alikuwa ametumwa shamba makusudi. Nikasimamisha kamera, nikambandika mzee kinasa sauti kifuani, nikabonyeza. Akakohoa, akatazama kioo cha kamera, akaanza: "Saida binti Khalfani."

Simu yangu ikatetemeka. Alikuwa Lusajo. Ndiyo kwanza tulikuwa tunapanga habari ya kuboresha mtandao, naye alikuwa dukani Dar, mbele ya waya wa aina mbili, anataka kujua anunue upi. Nikajiambia ni dakika moja tu. Nikatoka kwa kunyata, nikaenda mpaka nyuma ya nyumba, kwenye mihogo.

Tuliongea dakika ishirini. Upi una kasi zaidi, upi panya hautafuni, utapita wapi ukutani. Nilifurahi kweli. Nikaona kabisa maisha yangu yanavyokwenda kuwa mepesi.

Nikasikia mzee ananiita kutoka ndani. "Wewe mpigapicha! Nimemaliza!"

Nikakimbia. Alikuwa anapangusa macho kwa upindo wa kanzu.

"Hapo nje umesikia niliyosema?"

Mngekuwa nyinyi mngesemaje? Mzee wa miaka themanini na moja, anapumua kwa shida, amemaliza kusema jambo zito kuliko yote maishani mwake. Ningemwambia nilikuwa kwenye mihogo naongea habari za waya?

"Nimesikia, mzee."

"Haya. Basi wewe ndiye shahidi."

Na sikuitazama ile video baadaye. Kwanza mzee alishakataza isionyeshwe, nikajificha nyuma ya katazo lake. Pili, nilikuwa nangoja mtandao mpya.

Siku ya mazishi Saida aliponishika mkono, amelowa machozi, akaniuliza, "Kaka, alisema nini?" nikamwambia baba yake amemridhia, nimesikia kwa masikio yangu haya mawili. Niliamini ndivyo ilivyo. Nani ataita kamera ili amlaani mwanawe? Lakini kuamini si kusikia. Na wazee wa namna ile, wakishasema neno mbele ya ukoo, huita mashahidi kulifuta, na huita mashahidi kulikazia pia.

Aliyesema amezikwa. Aliyesikia hayupo. Kilichobaki kilikuwa ndani ya koti la Lusajo.

* * *

Jumanne asubuhi, hodi. Nikafungua nikakutana uso kwa uso na Hashiru, mtoto mkubwa wa marehemu. Mtu wa miaka hamsini na minane, mrefu, mkimya, kofia ya kufuma. Amevuka kutoka Kisarawe mpaka Kibaha bila hata kunipigia.

"Shikamoo kaka Hashiru."

"Marahaba. Sikai sana."

Akakaa. Marselina akaleta chai, hakuigusa.

"Nimekuja kuuliza jambo moja," akasema. "Miezi minane baba alikuwa kitandani, mimi ndiye niliyemlisha, nikamwogesha, nikamgeuza. Hakuwahi kunitajia Saida hata mara moja. Halafu nasikia kwamba amemridhia, na aliyeambiwa ni wewe, mtu wa kuja na kamera. Mimi sina chuki na mdogo wangu. Ila kwa nini asiniambie mimi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa mtu mkorofi. Huyu hakuwa mkorofi. Alikuwa mtu aliyeumia, na hilo lilinimaliza zaidi.

"Wazee wana siri zao, kaka."

"Alisema nini hasa? Nipe maneno yake."

Mdomo uliniponza. Ningesema sikumbuki vizuri, ningesema tungoje Jumamosi. Badala yake nikatunga.

"Alisema, 'Saida mwanangu, nimekusamehe, nina radhi nawe.'"

Hashiru akainua macho. Akatabasamu kidogo, upande mmoja wa mdomo.

"Baba alisema 'mwanangu'?"

"Ndiyo."

"Bwana Ponsiano, mimi nina miaka hamsini na minane. Baba yangu hajawahi kuniita 'mwanangu'. Alikuwa akituita jina na ubini, kama hakimu. Hata siku aliyokata roho aliniita Hashiru bin Khalfani."

Ndipo nikakumbuka. Saida binti Khalfani. Ndiyo maneno pekee niliyoyasikia kweli, na ndiyo niliyoyasahau.

"Labda kwa ajili ya ugonjwa..."

"Labda." Akainuka, akamshukuru Marselina kwa chai asiyokunywa. Mlangoni akageuka. "Iwe alimsamehe au hakumsamehe, mimi nitafuata neno lake. Kama ana radhi naye, Saida atakaa ubavuni kwangu, na kila alicho nacho baba tutagawana. Kama hana radhi naye, siwezi kumkaribisha nyumba ya baba kinyume cha baba. Jumamosi tutamsikia mwenyewe."

Alipotoka, Marselina alikusanya vikombe bila kuniangalia.

"Baba Andrew, yale maneno ya mzee, uliyasikia?"

"Mama Andrew, na wewe umeanza?"

Akaviosha vikombe viwili vile kwa muda ambao ungeosha sinia za shughuli nzima.

* * *

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia Alhamisi, saa nne asubuhi.

Lusajo aliingia mbio, macho mekundu. Siku tano alikuwa ameifungia ile diski dukani kwake, amekataa kazi nyingine zote. Tangu Jumamosi hakuwa ameniomba hata senti.

"Kaka, nimepata kitu!"

Nilimkumbatia. Sijawahi kumkumbatia fundi.

"Usifurahi sana. Nimepata vipande vya harusi vingi tu. Vya mzee nimepata kimoja. Picha yake imeharibika yote, vigae vya kijani tupu. Lakini sauti ipo."

"Muda gani?"

"Sekunde kumi na tisa."

Akakichomeka kwenye kompyuta ya uani, akakituma sebuleni. Nikavuta kiti nikae kungoja, kwa mazoea ya miaka mitano. Sikuwahi kukaa. Kilishafika. Mtandao mpya ulikuwa unafanya yote aliyoniahidi, ila hatukuwa na kitu kingine cha kupitisha.

Marselina akafungua spika. Ilikuwa joto, mlango wa mbele tumeuacha wazi. Akabonyeza.

Kikaanza kukwaruza. Kisha, katikati ya neno, sauti ya Mzee Khalfani ikajaa sebule yetu, nzito, ya mtu anayetafuta pumzi:

"...ko radhi na Saida binti Khalfani. Nasema na akili zangu timamu, Hashiru asikie, na ndugu wote wasikie. Asije mtu akayageuza maneno yangu nikishaondoka."

Kikakatika.

"Alhamdulillahi," akasema mtu mlangoni.

Tukageuka. Saida alikuwa amesimama kwenye kizingiti, begi la safari mkononi, ushungi umeteleza mabegani, machozi yanamtiririka huku anatabasamu. Nyuma yake alikuwa Hashiru. Baadaye nilikuja kujua kwamba alimfuata stendi, akampokea begi, akamshika mkono kwa mara ya kwanza tangu alipoondoka.

"Niko radhi na Saida binti Khalfani," alirudia Saida. "Umesikia, kaka Hashiru? Amesema niko radhi."

Hashiru hakusogea.

"Rudisha," akasema.

Marselina akarudisha. "...ko radhi na Saida binti Khalfani."

"Tena."

"...ko radhi na Saida binti Khalfani."

Mara ya tatu hata mimi niliisikia, na nywele zikanisimama. Lusajo aliisikia pia, maana alishika kichwa kwa mikono miwili. Kipande kilianzia katikati ya neno. Kilichotangulia kililiwa na seva.

"Saida," Hashiru akasema, taratibu mno, bila ushindi wowote kwenye sauti yake. "Mimi nimesikia siko."

"Hapana."

"Siko radhi na Saida binti Khalfani. Asije mtu akayageuza maneno yangu. Baba alikuwa akisema hivyo alipokuwa anakaza, hakuwa anasema hivyo alipokuwa analegea."

"Amesema niko! Kaka, angeniitia kamera aniambie siko?"

"Sijui." Akaegemea mlango. "Wallahi sijui. Natamani iwe niko. Ila mwanzo haupo, Saida."

Saida akageuka, akanitafuta kwa macho. Akavuka sebule, akakanyaga ule waya mpya uliopita chini ya zulia, akanishika mikono yote miwili kama alivyonishika siku ya mazishi. Mikono yake ilikuwa ya baridi ingawa sisi wote tulikuwa tunatoka jasho.

"Kaka Ponsiano alikuwepo," akasema. "Hatuna haja ya mashine. Shahidi huyu hapa."

Hashiru akavua kofia.

"Nitalikubali neno lake," akasema. "Liwe lolote. Ila aape."

Marselina aliinua uso kutoka kwenye kompyuta. Katika ndoa yetu ya miaka kumi na tisa hajawahi kunitazama vile, na nikajua kwamba yeye alishajua.

"Silabi moja tu, kaka," Saida aliniambia, na alikuwa anatabasamu, anatabasamu kwa sababu mimi nilishamjibu tangu siku ile makaburini na alikuwa na hakika. "Waambie. Baba alianza na ni, au alianza na si?"